Tuache Kulaumu Maji ya Jaruba



Ukipita alfajiri katika vijiji vyetu vya kando ya Mto Tana, tangu Bura na Hola mpaka huku kwetu Garsen na Gamba, utawakuta watu wazima wameketi nje ya nyumba zao wakisugua mikono kabla hawajaweza kushika jembe. Ukimwuliza mmoja wao ana nini, atakujibu mara moja, "Ni baridi yabisi." Na ukimwuliza imetoka wapi, atakuonyesha kwa kidevu upande wa majaruba, kana kwamba maji yale yanayotupatia mpunga ndiyo yaliyomroga.

Mimi nimesimama katika maji hayo miaka mingi, nikiatika na kupalilia, na leo nataka kuyatetea.

Kwanza tulitazame jina lenyewe. Katika lugha yetu jina hili limekwisha kutoa hukumu kabla ya ushahidi kusikilizwa. Baridi, tena yabisi, yaani kavu na ngumu. Mtu akisha kuambiwa kwamba ugonjwa wake ni baridi, atafanya nini? Atavaa sweta, atajipaka mafuta ya moto, ataacha kwenda shamba, kisha ataketi jikoni karibu na meko na kuwasha sigara apate joto. Hapo ndipo taabu ilipo. Katika mambo yote hayo aliyoyafanya, ni hilo la mwisho ambalo madaktari wamelithibitisha, kwa uchunguzi wa miaka mingi na katika nchi nyingi, kuwa ni mojawapo ya njia za kuuleta ugonjwa wenyewe. Maji ya baridi yaweza kukuzidishia maumivu siku ile ikiwa viungo vimekwisha kuugua, hilo sikatai. Lakini kuuanzisha ugonjwa ni jambo jingine.

Tena, jina hili twalitumia kwa magonjwa mengi yasiyo na udugu. Mzee wa miaka sabini ambaye goti lake moja linauma akipanda ngazi, huyo goti lake limelika kwa kazi, kama mpini unavyolika. Mwanamume anayeamka usiku akilia kwa sababu kidole gumba cha mguu kimevimba na kuwa chekundu, huyo pengine ana jongo. Huo ninaotaka kuusema mimi ni wa tatu, na ndio ulio mbaya kuliko yote ukiachwa. Huanza katika viungo vidogo, vidole vya mikono na viganja, na nyayo pia, na mara nyingi hushika pande zote mbili, kulia na kushoto. Asubuhi mikono hukakamaa kwa muda wa saa nzima au zaidi, ndipo ilegee. Mgonjwa huchoka pasipo kazi. Na hauchagui wazee tu. Huweza kumpata mtu wa miaka thelathini au arobaini, aliye katika nguvu za kulima. Wanawake hupatwa zaidi kuliko wanaume, kiasi cha mara mbili au tatu. Shirika la Afya Duniani lilihesabu kwamba mwaka 2019 watu kama milioni 18 duniani walikuwa nao, na katika kila kumi, saba walikuwa wanawake.

Zamani madaktari wengi waliandika kwamba ugonjwa huu ni wa Wazungu na kwamba Waafrika hawaupati ila kwa nadra sana. Nadhani maneno hayo yametudhuru. Ni kweli kwamba si ugonjwa wa kila nyumba, lakini uko, na mtu anayeambiwa kuwa haupo hatauona hata ukiwa umeketi kitandani kwake.

Nieleze jinsi unavyofanya kazi, kwa maana bila kujua hilo hutaelewa kwa nini nasema habari za moshi na vumbi. Mwili wako una askari wake wa kupigana na vijidudu. Katika ugonjwa huu askari hao hukosea, wakawaona wenyeji kuwa ni adui. Hushambulia utando laini ulio ndani ya kiungo, utando huvimba, kisha hula gegedu na mfupa, mpaka vidole vikapinda. Wataalamu wamegundua kwamba silaha za askari hao huonekana katika damu miaka kadhaa kabla ya kidole cha kwanza kuvimba. Basi vita haikuanzia kidoleni. Wataalamu wengi sasa wanadhani kwamba mara nyingi huanzia mahali penye kupokea vumbi na moshi, yaani mapafuni, na pengine katika ufizi wenye kuoza. Moshi ukiingia mapafuni siku baada ya siku hubadilisha sura ya vitu vilivyomo ndani ya mwili, na askari wakiiona sura hiyo ngeni huanza kuunda silaha. Silaha hizo ndizo zitakazofika mikononi baadaye.

Kwa hiyo nasema, tuanze na sigara. Hapana jambo lolote katika mazingira ya mtu lililothibitishwa kuliko hili. Mtu aliyevuta miaka mingi yumo katika hatari ya kupata ugonjwa huu kiasi cha mara mbili ya yule asiyevuta, na kadiri anavyozidisha idadi ya sigara na miaka, ndivyo hatari inavyozidi. Wako watu waliozaliwa na urithi fulani katika damu unaowafanya wawe wepesi kuugua. Urithi peke yake hautoshi. Mwaka 2006 wataalamu wa Sweden walieleza kwamba mtu aliyepata urithi huo kwa baba na kwa mama, kisha akavuta sigara, hatari yake ya kupata aina kali ya ugonjwa huu ilikuwa zaidi ya mara 20 kuliko mtu asiye na urithi wala sigara. Ndiyo kusema, ikiwa mama yako au dada yako ana mikono iliyopinda, wewe si mtu wa kuwasha sigara hata moja. Na mtu akiacha, hatari hupungua, lakini polepole sana, kwa miaka mingi. Afadhali kijana asianze.

Najua watakaosema, "Mimi sivuti, mimi natafuna tumbaku tu." Katika jambo hili moja wana hoja, kwa kuwa wataalamu wa Sweden walipowachunguza watu wanaoweka tumbaku ya unga mdomoni hawakuona kwamba ugonjwa huu wa viungo umezidi kwao. Shida ni moshi unaoingia mapafuni. Lakini tumbaku ya kutafuna huleta saratani ya kinywa na kuharibu ufizi, kwa hiyo asijisifu.

Hapa nitamtaja jirani yangu mmoja, mama wa watoto watano, ambaye humwita dada. Yeye hajavuta sigara maisha yake yote. Mumewe, ambaye ni shemeji yangu kwa ujirani, amevuta ndani ya nyumba ileile zaidi ya miaka ishirini, usiku milango ikiwa imefungwa kwa ajili ya mbu. Mikono ya dada huyu ilianza kuvimba msimu wa kupandikiza. Kila mtu alimwambia ni maji. Akaenda kwenye duka moja la dawa akapewa vidonge, akapata nafuu siku tatu, akarudi kununua tena, na hivyo hivyo kwa muda wa miaka miwili. Sura yake ikajaa ikawa mviringo, watu wakasema amenenepa, amepona. Kumbe vilikuwa ni vidonge vya prednisoloni vilivyokuwa vikimvimbisha, na chini ya nafuu hiyo ugonjwa ulikuwa ukila mifupa. Alipofikishwa hospitali vidole viwili vilikuwa vimekwisha kupinda, na hivyo havitanyoka tena.

Sisemi kwamba moshi wa mumewe ndio uliomuuguza. Hapana daktari awezaye kumnyoshea kidole mtu mmoja hivyo. Lakini uchunguzi mwingine umeonyesha kwamba hata wale wanaovuta moshi wa wenzao, hasa tangu utotoni, huenda hatari yao ikazidi. Na juu ya moshi wa kuni jikoni, ushahidi wake kwa ugonjwa huu haujafikia ule wa sigara, ingawa kwa kifua na macho ushahidi upo tele. Jiko lenye dirisha au bomba la kutolea moshi halina hasara.

Baada ya moshi ni vumbi. Mwaka 1953, mwaka uleule ambao mifereji ya Hola ilianza kuchimbwa kwa mikono ya watu waliowekwa kizuizini, daktari mmoja wa Wales aitwaye Anthony Caplan aliandika habari za wachimba makaa ya mawe. Aliona kwamba wale waliokuwa na ugonjwa huu wa viungo walikuwa na mabonge ya namna ya peke yake katika mapafu yao. Tangu hapo wachunguzi wa nchi nyingi wameona kwamba vumbi la mawe yenye silika, ambayo ndiyo iliyomo katika mchanga na miamba migumu, huzidisha hatari kwa wanaume wanaolivuta kazini, na hatari hukuwa kubwa zaidi kwa mvuta sigara. Utasema huku kwetu kwenye mfinyanzi hatuna migodi. Kweli. Lakini vijana wetu wanakwenda Malindi na Mombasa kukata saruji na vigae kwa mashine, wamefunikwa na vumbi jeupe kama watu waliofufuka, na leso ndogo tu puani, au hata hiyo hawana. Kazi hiyo hukatwa kwa maji. Maji yakimiminwa kwenye msumeno, vumbi halipandi. Mzazi unayempeleka mwanao kwenye kazi hiyo mwambie.

Na pamba. Wazee wa Bura watakumbuka miaka ile baada ya 1981, wakulima wa kwanza walipofika kutoka kila upande wa Kenya na pamba ikawa ndiyo zao kubwa, na wa Hola watakumbuka zaidi, mpaka mwaka 1989 mto ulipohama na kuziacha pampu zao kavu. Wengi wetu tulilala na marobota ya pamba ndani ya nyumba tukingoja lori. Huko Malaysia, uchunguzi uliotolewa mwaka 2016 ulionyesha kwamba wanawake waliofanya kazi katika vumbi la nguo na nyuzi walikuwa na hatari ya ugonjwa huu karibu mara tatu ya wenzao. Sasa kuna maneno mengi ya kuirudisha pamba katika nchi hii. Mimi sipingi, pamba ni fedha. Lakini naomba kwamba safari hii ghala iwe mbali na kitanda, na atakayechambua au kufunga marobota awe na kitambaa kizuri cha kufunika pua na mdomo, na wenye vinu wafungue madirisha.

Sasa nije kwenye dawa za wadudu, na najua hapa nitagusa watu. Huko Marekani, katika majimbo ya Iowa na North Carolina, wakulima pamoja na wake zao, jumla yao zaidi ya 80,000, wamefuatwa na wachunguzi tangu mwaka 1993 ili ijulikane dawa za shamba zinawafanya nini. Juu ya ugonjwa wa viungo, wameona kwamba baadhi ya dawa, wala si zote, zimeambatana na hatari iliyozidi. Mojawapo ni kabarili, dawa iliyoanza kutumika Marekani mwaka 1959 katika pamba na baadaye ikaenea duniani kote. Haijathibitishwa kwa nguvu kama sigara, nami sitaki mtu aache mahindi yake yaliwe na viwavi kwa sababu ya maneno yangu. Lakini tazama jinsi tunavyopulizia. Bomba linavuja mgongoni, shati limelowa, mtu anatembea akielekea upepo, kisha anarudi nyumbani na shati lile analitupa katika beseni ambalo mkewe atafulia nguo za mtoto. Dumu la dawa likiisha, linaoshwa na kuwekwa maji ya kunywa. Haya hayahitaji mtaalamu wa Marekani kutuambia kuwa ni mabaya. Yanatuletea sumu nyingine nyingi kabla hata hatujafika kwenye viungo.

Maoni yangu ni kwamba kamati za wakulima ndizo zinazopaswa kulishika jambo hili, si kumwachia mkulima mmoja mmoja. Twakata fedha kwa ajili ya maji, twakata kwa ajili ya trekta na mbegu. Mbona hatukati kidogo tukanunua suti tatu za kupulizia, glavu na viatu vya mpira, vikakaa ofisini, mtu akaazima na kurudisha? Nimelisema hili katika mikutano zaidi ya mmoja. Mara ya mwisho niliambiwa kwamba mkulima hodari haogopi dawa. Aliyeniambia hivyo hukohoa mkutano mzima.

Kuna jambo jingine la kwetu hasa, nalo ni mbu. Mwaka 1952, katika uwanda wa juu wa Makonde, kusini mwa Tanganyika wakati ule, watu waliugua homa iliyowakunja viungo hata wasiweze kusimama wima, na jina walilolitoa Wamakonde ndilo dunia nzima inalotumia hata leo, chikungunya. Mwaka 1959 ikazuka nyingine kaskazini mwa Uganda, Waacholi wakaiita o'nyong'nyong, nayo ikashika watu kama milioni mbili katika Afrika Mashariki. Hiyo ya pili huenezwa na mbu walewale wa malaria. Ya kwanza huenezwa na mbu mwenye madoa meupe anayeuma mchana na kuzaa katika maji safi ya majumbani. Mwaka 2004 chikungunya iliingia Lamu, jirani zetu wa karibu. Ulikuwa wakati wa ukame, watu wakahifadhi maji siku nyingi katika mapipa na matungi, na walipopimwa baadaye ilionekana kwamba kiasi cha robo tatu ya watu wa kisiwa hicho walikuwa wameambukizwa. Ikafika Mombasa mwaka huohuo, kisha ikavuka bahari kwenda Komoro. Mombasa ikarudiwa tena mwishoni mwa 2017 na mwanzoni mwa 2018.

Naitaja kwa sababu wagonjwa wengine wa homa hiyo hubaki na viungo vilivyovimba kwa miezi, hata miaka, na ukiwatazama mikono utadhani ni ugonjwa ule niliousema juu. Kwa hiyo ukienda kwa daktari, mweleze kama viungo vilianza ghafula pamoja na homa kali, au vilianza polepole bila homa. Kipimo cha damu kitasaidia kutofautisha. Na lile pipa la maji lililo nyuma ya nyumba, lifunike leo. Sisi twaweza kukosa maji wiki moja na kufurikwa na mto wiki ya pili, kama tulivyoona mwaka 1997 na 2018 na mwisho wa 2023, na nyakati zote mbili mbu hupata mahali pa kuzaa.

Basi mtu ajue lini kwenda hospitali? Ikiwa vidole au viganja vimevimba, na kila asubuhi vimekakamaa, na hali hiyo imepita wiki sita, usingoje mavuno. Nenda Ngao, au Hola, au Malindi, popote unapoweza kumpata daktari na kipimo. Miaka miwili ya kwanza ndiyo yenye uharibifu mwingi, na ndiyo ambayo dawa hufaa zaidi. Dawa zenyewe zipo. Ile inayotumika sana huitwa methotreksati, na hapa sikiliza vizuri, kwa sababu watu wamekufa kwa kukosea: humezwa siku moja tu katika wiki, si kila siku. Mwanamke mwenye mimba au anayetaka kupata mimba haimezi kabisa. Na anayeimeza hukaa mbali na mnazi, kwa ajili ya ini lake. Vidonge vya kutuliza maumivu, kama diklofenaki vya dukani, havizuii uharibifu, na mtu akivila mwaka mzima huweza kutokwa na damu tumboni au kuharibika figo.

Wengine watauliza habari za waganga wa miti shamba. Mimi sina ugomvi nao, bibi yangu alikuwa mmoja. Lakini kuchanja chale juu ya kiungo kilichovimba ni kumfungulia mlango adui wa pili.

Jirani yangu humeza dawa yake kila Ijumaa jioni, baada ya kula, na binti yake wa darasa la sita ndiye anayetia alama katika kalenda ukutani. Msimu uliopita aliatika tena, polepole, robo eka peke yake. Mpini wa jembe lake ameuzungushia mpira wa ndani wa baiskeli mpaka umekuwa mnene, maana kiganja chake hakifungi vizuri juu ya mpini mwembamba, na wanawake wengine wawili wamekwisha kuja kuutazama. Maji ya jaruba yanamfika magotini kama zamani. Mumewe sasa huvutia sigara yake nje, kando ya mfereji. Nimemwambia shemeji kwamba mfereji bado u karibu mno.